Mkarafuu Huzaa kwa Msimu, Uzee Hula Kila Siku

Kila msimu unapokaribia, wanachama huja ofisini kuuliza mambo mengi: magunia yatapatikana lini, kituo kipi cha ununuzi kitafunguliwa kwanza, na daraja la kwanza litalipwa kiasi gani mwaka huu. Maswali hayo ni ya haki, na tutaendelea kuyajibu. Lakini liko swali moja lisilosikika mara nyingi, nalo ni kubwa kuliko hayo yote: mkulima wa karafuu atakula nini siku asipoweza tena kupanda mti?

Mtumishi wa Serikali hukatwa sehemu ya mshahara wake kila mwezi, na akistaafu hulipwa kiinua mgongo na pencheni. Mkulima hana wa kumkatia. Hana tarehe ya kustaafu, wala hapelekewi barua ya kumwambia kuwa kazi imekwisha. Kazi humwisha kidogo kidogo. Mwaka huu goti linauma. Mwaka ujao macho hayaoni vyema kileleni. Mwaka wa tatu anasimama chini ya mti akiwaelekeza vijana kwa bakora. Basi katika toleo hili tunapenda kuzungumza na wanachama juu ya jambo hilo, kwa hesabu, wala si kwa kutishana.

Mapato yetu si mshahara

Hapana mwanachama asiyejua kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Aghlabu mwaka wa mavuno makubwa hufuatwa na mwaka wa mavuno haba, na mara nyingi hupita miaka kama minne hivi kabla ya kuonana tena na mavuno makubwa. Jambo hili tunalijua tukiwa shambani, lakini tukishapokea fedha aghlabu tunalisahau.

Natuchukue mfano. Hesabu hizi ni za kufundishia tu, wala bei si ya msimu wowote. Kila mtu ataweka hesabu zake mwenyewe mahali pake. Bwana mmoja ana mikarafuu 80. Mwaka wa kwanza anapata kilo 400 za karafuu kavu, mwaka wa pili kilo 120, mwaka wa tatu kilo 200, na mwaka wa nne kilo 80. Tukiuza kilo kwa shilingi 10,000, atapokea shilingi 4,000,000, kisha 1,200,000, kisha 2,000,000, kisha 800,000. Tuseme kusafisha shamba, kuchuma, kuchambua, kuanika, magunia na uchukuzi vinakula mafungu manne katika kila kumi. Kitakachobaki mkononi ni shilingi 2,400,000 mwaka wa kwanza, 720,000 mwaka wa pili, 1,200,000 mwaka wa tatu na 480,000 mwaka wa nne.

Jumla ya miaka minne ni shilingi 4,800,000. Miaka minne ni miezi 48. Gawa, utapata shilingi 100,000 kwa mwezi. Huo ndio mshahara wa bwana huyu, apende asipende. Hana zaidi ya huo.

Sasa tutazame vizuri ule mwaka wa kwanza. Amepokea shilingi 2,400,000, na mshahara wake wa mwaka mzima ni 1,200,000. Kwa hivyo nusu tu ya fedha aliyoishika ndiyo ya mwaka ule. Nusu ya pili si yake bado: shilingi 480,000 ni za mwaka wa pili, zimpungukiapo, na 720,000 ni za mwaka wa nne. Ukijumlisha unapata 1,200,000 kamili. Mti umemlipa mapema. Akidhani amepewa ziada, amekula chakula cha mwaka wa nne katika mwaka wa kwanza.

Hapa ndipo penye chanzo cha taabu nyingi za uzeeni. Mtu asiyeweza kuivusha fedha ya mwaka wa neema mpaka mwaka wa uhaba, hataweza kuivusha fedha ya ujana mpaka uzeeni. Ni kazi ile ile, ila safari ya pili ni ndefu zaidi. Kwa hivyo mpango wa uzee unaanza na kujua mshahara wako kwa mwezi. Chukua stakabadhi zako za mauzo za miaka minne, ondoa gharama, gawa kwa 48. Asiyekuwa na stakabadhi zote na aanze kuziweka msimu huu.

Nguvu zikipungua, gharama huzidi

Wako wanaosema: "Mikarafuu yangu ndiyo pencheni yangu. Itazaa nikiwa kijana na itazaa nikiwa mzee." Maneno haya yana ukweli, lakini si wote. Mti hauzeeki kwa kasi ya mwenyewe, lakini kipato cha mti kinategemea ni nani anayepanda.

Bwana wa mfano wetu, akiwa na miaka 40, hupanda mwenyewe pamoja na wanawe, na nyumbani wake na watoto huchambua usiku. Sehemu kubwa ya ujira hubaki mlangoni kwake. Akifika miaka 65 hapandi tena, na watoto wamekwisha kuhamia mjini Unguja, Dar es Salaam, Mombasa au Oman. Sasa kila pishi inachumwa na kuchambuliwa kwa fedha, na palizi ni kwa fedha. Tuseme gharama zimetoka mafungu manne katika kumi zikawa sita. Miti ni ile ile 80, mavuno ni yale yale, bei ni ile ile. Lakini katika miaka minne kitakachobaki ni shilingi 3,200,000, yaani kama shilingi 66,000 kwa mwezi badala ya 100,000. Theluthi ya kipato imekwenda pamoja na nguvu za miguu.

Haifai basi kumlazimisha mzee apande ili aokoe ujira. Kuanguka mkarafuuni kumewavunja watu viuno na kumewaua wengine, na matibabu ya mfupa mmoja hula zaidi ya ujira wa msimu mzima. Lililo sawa ni kuliweka pengo hilo katika hesabu tangu mapema.

Mche wa leo na mzee wa kesho

Mkarafuu huanza kuzaa kiasi cha miaka sita mpaka minane tangu kupandwa, na hufikia uzazi wake kamili unapokaribia miaka 20. Baada ya hapo waweza kuendelea kuzaa kwa miaka mingi sana, hata kupita umri wa aliyeupanda. Tukizisoma hesabu hizi kwa jicho la uzee, zinatwambia jambo wazi: mche aupandao mtu wa miaka 40 utakuwa umekomaa atakapofika 60. Mche aupandao mtu wa miaka 65 ni sadaka njema kwa wajukuu, lakini hautamlisha sana yeye mwenyewe.

Mashamba yetu mengi yana miti ya zamani, na baina yake mna mapengo ya miti iliyokufa. Mapengo hayo ni mahali pa akiba. Mwanachama akipanda miche mitano tu kila mwaka na kuitunza, katika miaka kumi atakuwa na miche 50. Serikali imekuwa ikigawa miche kwa wakulima. Lakini kuichukua si kazi, kazi ni kuilea. Mche mdogo hufa kwa jua la kiangazi cha kwanza na cha pili. Upandwe chini ya kivuli cha migomba, upaliliwe, umwagiwe maji wakati wa ukame, na ulindwe na mbuzi na ng'ombe. Miche kumi iliyopona ni bora kuliko mia iliyopokewa kwa picha na ikafa kabla ya masika.

Lakini tahadhari iko vile vile: uzee wote usiwekwe juu ya mkarafuu peke yake. Historia yetu imetufunza hayo mara tatu. Mwezi wa Aprili 1872 tufani ilipiga Unguja ikaangusha mashamba mengi ya mikarafuu. Tangu hapo Pemba ndiyo iliyoshika sehemu kubwa ya zao hili. Kisha ukaja ugonjwa wa kufa ghafla, ambao huuchukua mti mkubwa, wenye afya machoni, katika muda mfupi. Na mara ya tatu ilikuwa bei. Kwa miaka mingi Indonesia ilikuwa mnunuzi wetu mkubwa, ikizitia karafuu katika sigara zake. Ikapanda mikarafuu yake yenyewe, na katika miaka ya 1980 ikaweza kujitosheleza. Bei ya dunia ikaporomoka, na wazee waliokuwa wakitegemea karafuu tupu wakaona taabu ambayo wengi wetu tunaikumbuka.

Kwa hivyo yafaa kuwa na minazi, migomba, mdalasini, pilipili manga au vanila pamoja na mikarafuu, na ng'ombe mmoja wawili kwa anayeweza. Migomba na minazi ina fadhila moja ambayo mkarafuu hauna: huleta kidogo kidogo mwaka mzima. Kwa mzee, shilingi chache za kila wiki huweza kumfaa kuliko fedha nyingi za mara moja.

Kukodisha na kukopa juu ya mavuno

Sasa tunaingia katika jambo linaloumiza, lakini hatuwezi kuliruka. Mwezi wa njaa unafika, au harusi, au ada ya skuli, au ugonjwa. Mwenye shamba hana fedha. Anakuja mtu na fedha mkononi, anaikodi mikarafuu kwa msimu mmoja au miwili, na karafuu zote zinakuwa zake. Wako wakodi waungwana. Lakini tuitazame hesabu yake.

Tuseme bwana wetu anakodisha miti yake 80 kwa misimu miwili kwa shilingi 1,000,000. Katika misimu hiyo ikitokea ule mwaka mkubwa na ule unaoufuata, mkodi baada ya gharama atapata shilingi 3,120,000. Mwenye shamba ameuza zaidi ya milioni tatu kwa milioni moja. Ikitokea miaka haba, mkodi naye huenda akapata hasara. Lakini mkodi huzunguka akaitazama miti kabla ya kutoa fedha, na mwenye njaa hana nafasi ya kungoja. Tena mkodi hana kesho katika mti ule. Vijana wake wakivunja matawi ili wamalize upesi, hasara ya miaka inayofuata si yake, ni ya mwenye mti.

Mambo haya si mapya. Babu zetu walikopa mjini juu ya mavuno na juu ya mashamba, na deni likazaa deni, mpaka mashamba mengi yakawa yamefungwa katika rehani. Ilifika hadi mwaka 1934 Serikali ya wakati ule ikatunga sheria za kusimamisha kwa muda ulipaji wa madeni na kuzuia mashamba yasiwatoke wenyewe kwa deni. Walikuwa watu wa akili na kazi kama sisi. Kilichowaponza ni kuwa fedha huja kwa msimu na haja huja kila siku, na baina ya viwili hivyo hawakuwa na akiba. Kukopa harusi, kulipa matanga.

Shauri letu ni hili. Mwanachama asikodishe miti yake yote kwa pamoja. Akilazimika, akodishe sehemu, kwa msimu mmoja tu, kwa maandishi, mbele ya mashahidi, na sharti la matawi liandikwe. Na mwenye kupita miaka 55 ajitahidi asikodishe kabisa, kwa sababu muda wa kulirudisha lililopotea umekuwa mfupi.

Fedha iwekwe wapi

Wako wanaoweka fedha sandukuni. Sanduku lina maradhi matatu: wezi, moto, na mkono wa mwenyewe. Juu ya hayo, thamani ya shilingi hupungua kimya kimya. Tukumbuke kuwa mwaka 2011 bei ya kilo ya daraja la kwanza ilipandishwa ikafika shilingi 15,000, kisha kwa miaka kadhaa ikasimama kwenye 14,000. Bei ya karafuu ilisimama, lakini ya mchele, sukari na nauli haikusimama. Fedha iliyolala sandukuni miaka kumi haitanunua gunia lile lile.

Yafaa fedha igawiwe mafungu mawili yasiyochanganyika. Fungu la kwanza ni la kuvuka miaka haba. Hili liwe karibu, mahali ambapo mtu aweza kulitoa mwezi kwa mwezi. Akaunti ya benki yatosha. Benki ya Watu wa Zanzibar, iliyoanzishwa mwaka 1966, ina pia huduma za Kiislamu kwa wanaojiepusha na riba. Mwanachama ajilipe mshahara wake kila mwezi kutoka katika akaunti hiyo, wala asitoe zaidi.

Fungu la pili ni la uzee, na hili liwe mbali na mkono. Mfuko wa Hifadhi ya Jamii Zanzibar, ZSSF, ulioanzishwa mwaka 1998, una mpango wa hiari kwa watu wasioajiriwa, wakulima na wavuvi wakiwamo. Mwanachama huchangia kwa kadiri yake. Kabla ya kujiunga, aulize mambo matatu na aandikiwe majibu: kiwango cha chini cha mchango ni kipi, aweza kutoa lini na kwa masharti gani, na akifa, fedha italipwa kwa nani. Anayetaka kuweka uzee wake katika ng'ombe au miti ya mbao afanye hivyo, lakini asiweke vyote katika kitu kimoja. Na kila anayekuja na khabari za fedha kuzaa maradufu kwa miezi mitatu, mwonyesheni mlango.

Miaka ya pengo

Mwezi wa Aprili 2016 Serikali ya Mapinduzi ya Zanzibar ilianza kulipa Pencheni Jamii kwa kila mzee aliyetimiza miaka 70, awe aliajiriwa au hakuajiriwa. Ilianza kwa shilingi 20,000 kwa mwezi, na katika awamu ya nane ikapandishwa hadi 50,000. Hii ni haki ya mkulima sawa na mtu mwengine. Wanachama wenye wazee nyumbani wahakikishe kitambulisho cha Mzanzibari kipo na tarehe ya kuzaliwa imeandikwa sawa, kisha waende kwa Sheha wao mapema. Jina lililoandikwa kwa namna mbili katika karatasi mbili ni taabu ndogo kwa mtu wa miaka 50, na ni taabu kubwa kwa mtu wa miaka 72.

Lakini tuangalie vizuri. Nguvu za kupanda mti huisha kabla ya 70, kwa wengi kiasi cha 60. Baina ya 60 na 70 ipo miaka kumi ambayo kipato cha shamba kimeshuka na pencheni haijafika. Hiyo tunaiita miaka ya pengo, na ndiyo mashamba mengi hukodishwa au kuuzwa ndani yake. Mtu akiivuka miaka hiyo na miti yake mkononi, amevuka pagumu.

Turudi kwa bwana wetu wa miti 80. Tuseme anaanza na miaka 40, na katika kila shilingi 100 zinazobaki baada ya gharama anaweka 15 za uzee. Katika miaka minne ataweka shilingi 720,000: mwaka mkubwa 360,000, na mwaka wa mwisho 72,000 tu. Haoni uzito, kwa sababu anaweka nyingi akipata nyingi na chache akipata chache. Kwa miaka 20, yaani mizunguko mitano, atakuwa ameweka 3,600,000, bila ya kuhesabu faida yoyote.

Afikapo 60, shamba linampa kama shilingi 66,000 kwa mwezi. Akiigawa akiba yake kwa miezi 120 ya pengo, itampa 30,000 kwa mwezi. Jumla ni 96,000. Wakati wa nguvu zake, baada ya kuweka akiba, alikuwa akiishi kwa 85,000. Kwa hivyo hakushuka. Afikapo 70 akiba imekwisha, lakini Pencheni Jamii inaingia na 50,000, na jumla inakuwa 116,000. Na mkewe naye akitimiza miaka hiyo, inaongezeka 50,000 nyengine. Tena hatukuitia hesabuni ile miche aliyoipanda katika mapengo, ambayo sasa imekomaa. Na kwa kuwa thamani ya shilingi hupungua, hiyo miche na fungu lenye faida ya halali ndivyo vitakavyoziba upungufu.

Aliyechelewa asikate tamaa. Mwenye miaka 50 aweke 25 au 30 katika kila mia, apande migomba na minazi badala ya kutegemea miche mipya ya mikarafuu, na alipe madeni yake kabla ya kujenga chumba cha ziada.

Mke, watoto na karatasi

Wengi husema watoto ndio akiba. Mtoto mwema ni neema, na desturi yetu ya kuwatazama wazee ni ya kushikwa kwa mikono miwili. Lakini mtoto naye ana kodi, ada na wagonjwa wake. Mzee mwenye chochote chake huwasaidia wanawe wamsaidie. Yafaa mzee akae na wanawe angali na nguvu, wakubaliane nani atasimamia shamba, atapata sehemu gani kwa kazi yake, na nani atapeleka nini kila mwezi. Makubaliano ya mapema huepusha ugomvi wa baadaye.

Juu ya wake zetu, tuseme kwa uwazi. Katika mirathi ya Kiislamu, mume akifa na ameacha watoto, fungu la mke ni thumuni, yaani moja katika nane. Wakiwa wake wengi wanashirikiana thumuni hiyo. Katika miti 80 hiyo ni miti 10. Mama aliyechambua karafuu za miti 80 kwa miaka 30 ataanza uzee wake kwa miti 10, pengine akiwa hajafika 70. Sheria ni sheria, nasi hatuna la kuibadilisha. Lakini mume aweza, angali hai na mzima, kumpa mkewe miti kwa hiba iliyo sahihi, akaikabidhi kweli mikononi mwake mbele ya mashahidi. Wasia hautafaa hapo, maana wasia hauzidi theluthi, na haumpi mrithi ila kwa ridhaa ya warithi wenziwe. Waulizeni makadhi kabla ya kufanya. Na kila mama mwanachama awe na akaunti kwa jina lake na daftari la miti yake.

Mwisho ni karatasi. Kisiwani kwetu mtu aweza kuwa na mti bila ya kuwa na ardhi, na mipaka ya shamba aghlabu imo kichwani mwa mzee mmoja tu. Akiondoka, mipaka huondoka naye. Andikeni idadi ya miti, mipaka, majirani, nani anadai na nani anadaiwa. Na wenye mashamba ya eka tatu yaliyogawiwa na Serikali baada ya Mapinduzi ya 1964 wajue kuwa yana masharti yake. Wasiyauze, wasiyagawe wala wasiyaweke rehani kabla ya kuuliza Kamisheni ya Ardhi.

La kufanya msimu huu

Kwa kufupisha, mwanachama akishapokea fedha zake kituoni, na afuate utaratibu huu. Kwanza awalipe wachumaji na wachambuzi haki yao. Pili alipe madeni. Tatu aondoe fungu la uzee, 15 katika mia au kadiri awezavyo, kabla fedha haijafika nyumbani. Nne atenge fedha za palizi na za miche. Tano, zilizobaki azipeleke benki na ajilipe mshahara wa kila mwezi kwa hesabu ya miaka minne, si kwa hesabu ya gunia aliloliona leo. Akifanya hayo, ndipo nguo za sikukuu na mabati mapya yatakapokuja bila ya majuto.

Mwanachama anayetaka kusaidiwa kuifanya hesabu yake alete ofisini stakabadhi za mauzo za miaka minne na daftari la gharama. Tutakaa naye tuifanye pamoja, na siri yake itabaki yake. Asiyekuwa na daftari atanunua la kurasa 48. Kila ukurasa mwezi mmoja, na likijaa atakuwa ameujua mshahara wake.

Mchumia juani hulia kivulini, walisema wahenga. Nasi tunaongeza hili tu: kivuli nacho hupandwa, na hupandwa mtu angali ana nguvu za kuchimba shimo.